Mkono wa Tela ya Bwana Kassim

Juzi nilikuwa gatini Mokowe nikingojea boti ya kunirudisha Amu, nikamwona kijana mmoja mwenye pikapu mpya akijaribu kurudisha tela nyuma. Akikata usukani kulia, tela yaenda kushoto. Akikata kushoto, tela yaenda kulia. Mahamali walikuwa wameshatua mizigo yao, wameikalia, wanatazama, maana sinema ya bure haikataliwi. Mwishowe tela ilijikunja ikaja kuegemea ubavu wa gari, na kijana akashuka akaipiga teke. Nikajiambia: Athmani, wewe umestaafu, nyamaza. Lakini mdomo wangu haujastaafu.

Nilimwendea. Akaniambia, "Mzee, hii kitu imenishinda." Nikamuuliza kwao ni wapi, akasema bara, amekuja kufanya kazi kwenye ujenzi. Nikamuuliza kama amewahi kushika kana ya mashua. Hakujua kana, ule mpini wa kugeuzia usukani wa chombo, ni nini. Basi hapo nikaona kazi ipo, nikakunja msuli nikaingia garini.

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mmekuta lami. Sisi tuliikuta ndia ya mchanga na mashimo kutoka mji mdogo wa Hindi hadi Mokowe, na wakati wa mvua hata punda walikuwa wakifikiria mara mbili. Lakini sikuandika haya kuwatambia. Lami imewapa mwendo, na mwendo ndio unaoua mtu mwenye tela. Gari lililobeba mzigo mgongoni ni gari moja. Gari linalovuta tela ni magari mawili, na moja kati yao halina dereva. Maneno hayo si yangu. Ni ya marehemu Bwana Kassim, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi.

Bwana Kassim alizaliwa Langoni, mtaa wa Amu, akawa baharia tangu ndevu hazijatoka, kisha akaenda Mombasa akajifunza magari, akakaa huko miaka mingi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alirudi, akajenga Hindi, akawa msimamizi wa magari katika yadi moja iliyokuwa ikisafirisha mawe, boriti, saruji na chochote kile ambacho mtu wa visiwani alikitaka kifike gatini. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo. Akikasirika alizidi kuipunguza, mpaka ulilazimika kumsogelea ili usikie unavyogombezwa.

Siku ya kwanza aliniweka kwenye uwanja nyuma ya yadi, akasimamisha mapipa mawili matupu, akaniambia niingize tela katikati. Niliyagonga yote mawili. Nikayagonga tena. Akaja dirishani, akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo: "Wataka chombo kigeuke kulia. Kana waisukuma wapi?"

Nikamwambia, kushoto.

"Basi kurudisha tela washajua tangu mtoto. Ila hukuambiwa."

Wallahi, tangu siku ile sikugonga pipa. Mtoto wa Amu anayejua kuendesha mashua ana elimu hii mkononi bila kujua. Mkono waenda huku, chombo chaenda kule. Yule kijana wa Mokowe ambaye hakuwa na kana ya kukumbuka nilimfundisha njia nyingine ya Bwana Kassim: ushike usukani kwa chini kabisa, pale karibu na mapaja yako. Mkono ukiupeleka kulia, mkia wa tela utakwenda kulia. Upeleke kidogo tu, kisha ungoje uone. Tela ni mvivu wa kuanza na mwepesi wa kuzidisha. Ukiona imeanza kujikunja, usishindane nayo. Simama, nenda mbele mpaka inyooke, anza upya. Vijana wengi hugonga kwa sababu wanaona haya kwenda mbele machoni pa watu. Mahamali watakucheka, naam, lakini hata ukigonga watakucheka, na hapo utalipa na bati.

Alipofanikiwa kuiingiza, kijana yule alinishukuru akasema atanitafuta WhatsApp. Mimi simu yangu ni ya kupiga na kupokea, ndiyo maana ninayaandika haya karatasini.

Jambo jingine ambalo Bwana Kassim hakuliachia mtu ni kufunga. Kabla ya kuondoka alishuka mwenyewe akaangalia pini imeingia na kifungio chake kimekaa, kisha aliipitisha minyororo miwili chini ya mkono wa tela, mmoja kutoka kulia kwenda kushoto na mwingine kutoka kushoto kwenda kulia, ikakingamana. Mkono wa tela ndio ile nguzo ya chuma inayotangulia mbele kushikana na gari. Pini ikikatika, mkono utaangukia juu ya minyororo badala ya kujichimbia ardhini. Tulimwona ni mtu wa wasiwasi, mpaka siku alipotuhadithia kisa chake cha Mombasa, wakati bado mgeni wa kazi. Alikuwa akishuka mteremko na shehena ya nazi. Akaona kwa pembeni tela moja inampita upande wa kulia, imejaa nazi. Akasema moyoni: mwenye tela hii hana adabu, anapita watu mteremkoni. Akaitazama vizuri, akaona turubai lake. Tela ikampita, ikavuka barabara, ikaingia kwenye ua wa watu, na nazi zikagawiwa mtaa mzima kwa haki. Alitusimulia akicheka hadi kofia ikamwanguka, lakini minyororo yake hakuwahi kuiacha.

Na kona. Tela haipiti pale gari lilipopita. Yenyewe hukata ndani. Ukiipinda kona kama usiyevuta kitu, gurudumu la tela litapanda penye mtu, au penye punda, na punda wetu mnawajua: akishaamua kusimama penye kona, pale ni kwake. Bi Rukia, aliyekuwa akiuza chai na mahamri karibu na gati, alikuwa na kibanda chake kwenye kona mbaya. Tela zilimng'olea nguzo moja mara kwa mara, si mimi, ni wenzangu, mpaka akawa anaziita gari zetu kuku wa kienyeji, kwamba zaingia popote. Mkumbukeni Bi Rukia, atarudi.

Lakini haya yote ni madogo. Lililo kubwa ni kupakia, na hapa ndipo sisi watu wa visiwani tunapojiponza wenyewe.

Mtu wa visiwa hivi amelelewa kwenye chombo. Anajua kwamba chombo hukaa vyema kikilalia tezi, yaani nyuma, na omo likawa jepesi mbele, lipande wimbi. Ukimpa tela aipakie, mikono yake itafanya ilivyozoea: saruji nyuma, mapipa nyuma, mbele ataweka magodoro na ndoo. Itapendeza machoni, kama mashua inayotaka kung'oa nanga. Na ni mauti. Tela iliyolemewa nyuma huunyanyua mkono wake, huipunguzia gari uzito wa matairi ya nyuma, na ukifika mwendo kidogo huanza kutikisa mkia. Mwanzo yautikisa taratibu, kama inacheza. Kisha yaikamata gari yako na kuitikisa pamoja nayo.

Bwana Kassim aliijua hila hii kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa baharia. Alitufundisha kuipima tela kabla ya kuifunga kwenye gari. Uinue mkono wake kwa mikono yako miwili. Ukiinuka kwa wepesi, mzigo uko nyuma, pakua. Ukiwa mzito kiasi cha kukufanya useme bismillahi, hapo sawa. Ukiwa hauinuki hata mkiwa watu watatu, umezidisha mbele, utaikandamiza gari na usukani utakuwa mwepesi wa kutisha, rudisha kidogo. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu ya tela, basi.

Sasa niwahadithie siku ya boti ya Nahodha Shee, kwa sababu siku ile ndiyo iliyonifanya nikawa dereva, siyo siku niliyopewa leseni.

Kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate kilikuwa na boti ya faiba ya mashine mbili, ya kuwachukulia wagonjwa hadi hospitali ya Amu. Wanakijiji waliichangia wenyewe. Ikapasuka chini, ikaletwa Hindi kwa fundi, na ilipokwisha kutengenezwa akaja nahodha wake kuichukua, Nahodha Shee, pamoja na vijana wanne. Alikuwa mtu mrefu, mwenye heshima zake, aliyezoea kusema mara moja. Tulikuwa tuitie boti ile kwenye tela ya yadi, tuivute kwa pikapu hadi Mokowe, na tuishushe kwenye mteremko wa saruji ulio kando ya gati wakati maji yamejaa. Mimi ndiye dereva, Bwana Kassim msimamizi.

Asubuhi ile, boti ikiwa bado haijapakiwa, Nahodha Shee alipigiwa simu. Binti yake Zuhura, kule kijijini Pate, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Na nyote mnaosoma mjue uzito wa habari ile. Mwaka uliotangulia Zuhura alishikwa na uchungu vivyo hivyo, boti ikiwa haipo, akapelekwa kwa mashua ya tanga. Upepo ukafa njiani. Mtoto alizaliwa humo mashuani, naye hakuishi, na mama mwenyewe alifika hospitali akiwa hajitambui. Nahodha Shee ndiye aliyekuwa ameshika kana siku ile. Sasa alisimama yadini na simu mkononi, na kila mtu alijua anaona nini.

Ungesema akodi boti nyingine. Wakati ule boti za mashine hazikuwa kila mahali kama leo, na zilizokuwepo gatini tuliulizia kwa simu, zote zilikuwa zimekwenda na watu wao.

Basi vijana wake wakapakia kwa haraka. Boti juu ya tela, mashine zote mbili zimefungwa nyuma mahali pake, na mapipa ya petroli yakasukumwa tezini yakipangwa kando ya mashine. Bwana Kassim alikuja akauinua mkono wa tela. Uliinuka kama mtu anayeinua mwiko. Akamwambia Nahodha kwa adabu kwamba mzigo uko nyuma, mapipa yaletwe mbele na mashine moja ifunguliwe ilazwe omoni.

Nahodha akajibu kwamba boti ile ameipakia yeye tangu siku iliponunuliwa. Akasema, "Bwana Kassim, zombo twapakia tangu babu zetu. Leo tufundishwe ni gari?" Na vijana wake wakaguna kumuunga mkono. Tajiri wetu mwenye yadi naye akatoka ofisini akasema mteja ana haki, na mtu ana mgonjwa, tuondoke. Bwana Kassim akaomba sharti moja: tutakwenda mwendo wa mtu kwa miguu mpaka tuupate ule mnyoosho nje ya Hindi, hapo nitaongeza mwendo kidogo tu, na tela ikitikisika, neno litakuwa lake yeye Kassim. Nahodha akakubali mbele ya watu.

Tukaenda, mimi usukanini, Nahodha katikati, Bwana Kassim mlangoni, vijana nyuma ya pikapu. Kwenye mnyoosho nikaongeza. Si mwendo wa kusifika. Baiskeli ya mtu mwenye nguvu ingetufuata. Nikahisi kiti kinasukumwa kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo niliiona boti ikitoka upande huu wa barabara ikienda upande ule. Na hapa, vijana, lisikieni hili hata kama mengine yote mtayasahau: usikanyage breki, na usiukimbize usukani kuifuata. Mguu wako wote utataka kukanyaga breki. Usiupe. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani umenyooka, nikaiacha gari ipungue yenyewe. Nahodha Shee alikuwa akisoma shahada. Tela ilitikisa mara ya mwisho, ikatulia, tukasimama. Vumbi likatupita.

Nahodha akafuta uso, akasema twendeni hivyo hivyo, polepole, kwa mwendo ule wa kwanza. Maji yalikuwa yameshafika juu na yangeanza kutoka. Na si Mokowe tu. Mlango wa Mkanda, ambao ndio njia ya mkato ya kwenda Pate, hauna maji yakishatoka. Kama angechelewa ingembidi azunguke kwa Shela na kupitia bahari kuu.

Hata mimi, nawaambia kweli, nilimwelewa. Moyo wangu ulikuwa pamoja naye. Lakini mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kuingia Mokowe, na mteremkoni ile tela ingetusukuma yenyewe, tutake tusitake.

Bwana Kassim alinyoosha mkono mbele ya Nahodha, akazima gari, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati. Sauti yake ilikuwa ndogo hata nikainama.

"Nduu yangu, mwanao angojea boti. Hangojei zipande za boti."

Nahodha alimtazama kwa macho ambayo sipendi kuyakumbuka. Akasema maneno kuhusu watu wa nchi kavu ambayo sitayaandika. Bwana Kassim alishuka, akavua viatu, akapanda juu ya boti, akaanza kuifungua mashine yeye mwenyewe, mtu wa umri ule. Vijana wakatazamana, kisha wakapanda kumsaidia. Mapipa yalishushwa, yakaviringishwa, yakapandishwa mbele. Mashine moja ikalazwa omoni juu ya magunia. Kazi ile barabarani, juani, bila kivuli, ilichukua muda ambao kila mmoja wetu aliuhesabu kimoyomoyo. Nahodha Shee alisimama kando ameelekeza uso upande wa bahari, ambayo kutoka pale haionekani.

Tulipoondoka tena tela haikutikisika hata kidogo. Ulikuwa ukisahau kama unavuta kitu. Mteremkoni nilishuka kwa gia ndogo, bila kuing'ang'ania breki, nikigusa na kuachia, na boti ikatufuata kwa adabu. Lakini tulipofika Mokowe maji yalikuwa yameshauacha mteremko wa saruji. Baina ya mwisho wa saruji na maji kulikuwa na tope, jeusi, linalong'aa, na maji yanazidi kwenda.

Tela haingii topeni. Ukiiingiza, magurudumu yatazama hadi ekseli na utaivuta kesho na trekta. Nilisimamisha pale saruji ilipoishia. Nahodha Shee alishuka akatembea mpaka ukingoni, akaketi juu ya saruji kama mtu aliyefika msibani. Hakumlaumu mtu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Nilitamani anitukane. Bwana Kassim alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Alikuwa ameamua lililo sawa, na lililo sawa lilikuwa limetufikisha hapa.

Aliyesema ni Bi Rukia, kutoka kwenye kibanda chake chenye nguzo ya mshazari. Alikuwa ameshapata habari yote kwa vijana. Akauliza kwa sauti ya kusikika gati nzima: "Kwani zombo siku hizi hazishuliwi?"

Mnajua kushua chombo? Jahazi likisha kuundwa ufukweni, halina tela wala winchi. Mwenye chombo hutangaza, watu huja, wanaojuana na wasiojuana, na chombo huburutwa juu ya boriti hadi majini kwa mikono na kamba. Hakuna anayeulizwa anahusika vipi. Kuitwa kwatosha. Sote tulijua hivyo, na sote tulikuwa tumesahau kwa sababu boti ile ilikuwa ya faiba, na ilikuja kwa gari.

Bwana Kassim aliinua kichwa. Akamwendea mwenye shehena ya boriti iliyokuwa gatini ikingoja kupakiwa, akamwomba. Yule bwana alisema chukueni. Mahamali waliacha magunia. Wenye punda waliwafunga punda. Wavulana wa duka la simu walitoka, mwalimu wa madrasa akakunja kanzu akaifunga kiunoni, na Bi Rukia akaleta kamba yake ya kuanikia nguo, ambayo haikufaa kitu lakini aliishika mpaka mwisho. Tukashusha mashine na mapipa, tukalaza boriti juu ya tope, tukaiteremsha boti ile kutoka kwenye tela kwa mabega, tukaisukuma. Mtu mmoja alianza kuimba, wengine wakaitikia, na kila itikio boti ikasogea. Boriti ya nyuma ikichomoka yachukuliwa yawekwa mbele. Tope lilitufika magotini. Nilipoteza kiatu ambacho bado kiko pale.

Ubavuni mwangu alikuwa Nahodha Shee. Sijui aliinuka saa ngapi. Alikuwa akisukuma kwa bega huku akilia waziwazi, machozi na jasho na tope, bila kujificha.

Boti ilipogusa maji na kuelea, watu hawakupiga kelele. Walianza kupokezana mapipa na mashine mkono kwa mkono. Mashine zikafungwa, zikawaka. Nahodha akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemtarajia aage. Tulisikia baadaye kwamba Mkandani mashine zilikuwa zikichota tope na vijana wakashuka kusukuma, lakini walipita.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Bwana Kassim alipigiwa simu. Mimi nilikuwa nikiiosha tela kwa maji baridi ya kisima, kwa sababu chumvi hula beringi za magurudumu, na tela iliyoguswa na bahari huoshwa na kutiwa grisi kabla hujaweka kitu kingine tumboni mwako. Msilisahau hilo. Alisikiliza, akasema alhamdulillahi mara nyingi, akakata. Akaniambia Zuhura amejifungulia hospitali Amu, yeye na mtoto wa kike wote wazima. Kisha akachukua kopo la grisi lililokuwa kando yangu akachuchumaa kwenye gurudumu, akalipaka na kulipaka mpaka grisi ikamtiririka viganjani, na nikajua nisimsemeshe.

Bwana Kassim alifariki miaka michache iliyopita, Hindi, kitandani kwake. Namkumbuka zaidi kuliko ninavyoweza kuandika. Wakati mwingine nikiwa barazani hapa Wiyoni, bodaboda ikipita inakokota rukwama nyuma kwa kamba ya plastiki, natamani nimsikie akiipunguza ile sauti.

Kwa hitima yake nilipewa kazi ya kuchukua vitu gatini Mokowe: masufuria makubwa, magunia ya mchele, mikeka, mapipa ya maji. Nilikuta boti ya Pate imeleta watu wa kumwombea rafiki. Nahodha Shee alishuka kwa mkongojo, ameshikwa mkono na Zuhura, na nyuma yao msichana mrefu mwenye buibui la shule, amebeba kikapu. Tulipeana mikono, tukaombeana dua.

Vijana aliokuja nao walijitolea kunipakilia tela. Mikono ya visiwani ni ile ile. Magunia ya mchele yakaanza kwenda nyuma, mapipa nyuma, mikeka mbele. Nilifungua mdomo niseme, lakini nilitanguliwa.

"Mbee," alisema Nahodha Shee. "Zito zote mbee."

Kijana mmoja alicheka, akamwambia babu, chombo hupakiwa tezi. Mzee alisimama pale mpaka gunia la mwisho likahamishwa. Kisha akampa mjukuu wake mkongojo amshikie, akainama kwa taabu mbele ya tela, akaushika ule mkono wa chuma kwa mikono yake miwili, akasema bismillahi, akaupima. Ulikuwa mzito. Akauweka chini taratibu, akabaki ameinama hivyo, mikono bado juu yake.

"Sasa twendeni kwake," akasema.